Alinifundisha Ili Aondoke

Siku ile Mwalimu alisimama dirishani mara nne kabla ya saa sita mchana. Najua ni mara nne kwa sababu kila aliposimama, nyundo yangu ilikosea.

"Unanitazama mimi au unatazama shaba?" aliuliza bila kugeuka.

"Nangoja uniambie kama inatosha."

"Haijatosha. Gonga, zungusha, gonga. Usiikimbize."

Alirudi kwenye benchi lake, akashika tupa, akaiweka. Akashika msasa, akauweka. Akavuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. Kwa miezi minane nilikuwa nafanya kazi hatua tatu kutoka kwake, na sikuwahi kumwona akishika kifaa asikitumie. Nikajiambia labda ni joto. Kisha nikajiambia labda ni mimi, na wazo hilo likanipendeza mno, nikazidisha kugonga.

Nilikuwa natengeneza ua. Ndivyo walivyoiita pale karakanani ile sehemu ya mbele ya tarumbeta inayopanuka. Unakata bati la shaba ya manjano kwa kufuata kipimo cha karatasi, unalikunja mpaka kingo zikutane, unaziunga kwa moto, halafu unalivika kwenye mchi wa chuma na kuligonga kwa nyundo ya mbao siku baada ya siku mpaka lichanue. Kila baada ya muda shaba inakakamaa. Hapo inabidi uirudishe motoni iwe nyekundu kama uso wa mtu aliyefumaniwa, ndipo ikubali tena. Ukiinyima moto, inapasuka.

Mimi sikuzaliwa kwenye mambo hayo. Mimi ni fundi bomba, na kila mtu ananiita Bomba, hata mama yangu mzazi. Karakana ile niliingia kwa sababu bomba lao la maji lilipasuka ukutani, wakaniita. Nilimkuta binti wa mwenye karakana ameketi kwenye kigoda, mrija mrefu wa shaba ameulaza gotini, ndani ameujaza lami iliyoganda ili usibonyee, anaupinda taratibu kuzunguka gogo. Hakuinua macho. Nilisimama pale na spana mkononi, maji yananiingia viatuni, mpaka akaniambia, "Kaka, linalovuja ni lile kule."

Kazi ya saa moja niliifanya siku mbili. Siku ya pili alikuja kuchungulia, akapitisha kidole kwenye kiungo nilichokiunga.

"Mkono wako hautetemeki," alisema. "Hujawahi kupenda matarumbeta?"

"Tangu utotoni," nilimjibu. Uongo mtupu. Utotoni nilipenda mpira na kulala.

"Basi njoo nikufundishe. Asubuhi, kabla hujaenda kwenye kazi zako."

Tangu hapo nikawa namwita Mwalimu, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alikuwa mkali. Nilikata mabati sita kabla hajaniruhusu kukunja moja. Nilipogonga kwa woga alisema, "Unagonga kama unapiga hodi kwa jirani. Gonga kama mlango ni wako," akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kunionyesha uzito wa nyundo. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikasahau baiskeli yangu pale nje.

Baba yake, Mzee, alikuwa na benchi lake la pembeni. Miaka hamsini ya nyundo ilikuwa imemla masikio yote mawili. Alisoma midomo kidogo, na tarumbeta alilijua kwa kuligusa: mtu akipuliza, Mzee anaweka ncha za vidole kwenye ua na kujua palipo na kasoro. Lakini wateja, simu, na kusikia kama sauti imepanda au imeshuka, hayo yote yalikuwa ya binti yake. Yeye ndiye alikuwa masikio ya nyumba.

Basi siku hiyo, akiwa ametoka dirishani mara ya nne, mlango ulisukumwa kwa nyonga. Alikuwa shangazi yake, dada wa Mzee, aliyeshika nyumba ile tangu wifi yake afariki. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia sanduku kubwa la safari.

"Hili hapa," alisema akilitua katikati ya karakana. "Nimeliazima kwa jirani. Zipu yake inakwama, lakini mpaka Jumanne tutakuwa tumeipatia dawa."

Mwalimu alinyanyuka haraka. "Shangazi, hayo tutaongea nyumbani."

"Tuongee saa ngapi wakati nguo zako bado ziko kwenye kamba? Miaka miwili si siku mbili, mwanangu." Akanigeukia mimi, uso wake mkunjufu kabisa. "Na wewe hujambo, Bomba? Kaka ananiambia mkono wako sasa umekubali. Nimefurahi, maana tulikuwa tunajiuliza, huyu akiondoka nani atakaa na mzee? Sasa wewe kaa hapa, gonga shaba zako, ilimradi macho nayo yabaki kwenye shaba. Huyu mtoto haendi kusomea ufundi mkubwa ili aje aolewe na mtu anayezibua masinki. Sisemi kwa ubaya."

"Najua, Shangazi," nilisema.

Nikaendelea kugonga. Shaba ilikuwa imeshakakamaa. Nilisikia kabisa mlio wake umebadilika, umekuwa mkavu, na nilijua napaswa kuipeleka motoni. Sikuipeleka. Niligonga mara moja, mbili, na mara ya tatu ufa ukakimbia kutoka ukingoni mpaka karibu na shingo ya ua.

Mzee, ambaye hakusikia hata neno moja, aliinua kichwa kwa sababu aliona sote tumeacha kusogea.

Shangazi alitazama ua, akanitazama mimi, akamtazama mpwa wake. Nadhani ndipo alipoelewa kuwa nilikuwa sijaambiwa. Akasema ameacha kitu jikoni, akatoka.

"Jumanne," nilisema.

"Umelipasua. Kazi ya wiki tano."

"Jumanne hii?"

"Hii."

"Unakwenda wapi?"

Akaniambia. Kulikuwa na karakana kubwa, safari ya siku nzima kwa basi, ambako walitengeneza matarumbeta yenye vali, yaani vitufe vya kubonyeza, yale yanayoweza kupiga wimbo wowote. Yeye na baba yake walijua haya ya zamani tu, yasiyo na vali. Alikuwa amewaandikia mara tatu kwa miaka mitatu, na mwaka huu wamemjibu.

"Baba alikubali kwa sharti moja," alisema. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa Mzee hakuweza kutusikia, lakini alijiweka upande ili midomo yake isionekane. "Nimpate mtu wa kukaa naye. Mtu anayeweza kuunga bila kutoboa. Nilitafuta mwaka mzima. Walikuja watu wanane, hakuna aliyemaliza mwezi. Halafu bomba likapasuka ukutani."

"Nikaja mimi na spana."

"Ukaja wewe na spana."

"Kwa hiyo miezi yote hii, ukinishika mkono, ukinibakishia chai, ukicheka vichekesho vyangu, ulikuwa unapima kama nitafaa kuwa kizibo."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ndiyo kazi yangu, naijua. Pakitoboka unatafuta cha kuzibia."

Uso wake ulibadilika. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anakasirika.

"Na wewe," alisema. "Ulikuja hapa kwa ajili ya tarumbeta?"

Niliinama nikatazama ule ufa.

"Nijibu, Bomba. Wiki ya kwanza nilikupa kipulizio ukishike. Ukakiweka jichoni kama darubini. Mtu aliyependa matarumbeta tangu utotoni."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nilihitaji mikono yako. Wewe nawe ulinyamaza kwa sababu zako. Basi tuko sawa."

"Hatuko sawa. Mimi siendi popote Jumanne."

Hilo lilimfika. Aligeukia dirisha, akakumbuka alikuwa hapo muda si mrefu, akarudi, akashika kiegemeo cha kiti chake.

"Kila wiki nilipanga kukwambia," alisema polepole. "Na kila wiki nakuta umefanya kitu kwa mara ya kwanza. Umepinda mrija haukubonyea, unakuja kunionyesha, uso wako wote unacheka. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanza na 'naondoka'. Ni neno moja tu."

"Ndilo lililonishinda."

Nilitaka kumwuliza kwa nini limshinde, kama mimi ni kizibo tu. Macho yake yalikuwa yananiambia niulize. Lakini nilikuwa nimeumia, na mtu akiumia anapenda kidogo kuendelea kuumia. Nilivua aproni, nikaitundika, nikatoka bila kumuaga Mzee. Spana zangu nikazisahau chini ya benchi.

Mchana huo nilikuwa na kazi ya bomba la jikoni kwa mteja mmoja. Nililikaza, nikalikaza, nikalikaza mpaka likavunjika kichwa, ikabidi nifunge maji ya nyumba nzima na kuomba radhi kwa mama mwenye nyumba aliyekuwa na sabuni usoni. Nilipofika nyumbani sikuketi. Nilitoka uani, nikarudi ndani, nikafungua kabati la vyombo nikalifunga.

"Kama unamtafuta, hayumo humo," mama alisema.

"Nani?"

"Sijui. Huyo unayemtafuta kwenye makabati yangu."

Sikuwahi kumwambia mama habari zake. Nikamwambia siku hiyo, yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Sasa hasira yako ni ipi," aliuliza mwishowe, "kwamba anaondoka, au kwamba hakukuambia?"

"Zote mbili."

"Chagua moja, mwanangu. Huwezi kwenda kwa watu na hasira mbili, hawatajua waanze kujibu ipi."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Karakana huwa imefungwa, na nilijiambia nakwenda kuchukua spana zangu tu, nitaziomba kwa Shangazi mlangoni na kuondoka. Nikakuta mlango wa karakana uko wazi. Ndani alikuwa Mzee peke yake na mwanamume mnene aliyevaa suti nyeupe, kiongozi wa bendi moja ya harusi, akipunga tarumbeta hewani.

"Linavuja, Mzee," alikuwa anasema. "Linavuja hapa. Na leo tunapiga saa kumi."

"Kumi?" Mzee alisema. "Nipe hilo moja kwanza nilitazame. Hayo mengine tisa yalete kesho."

"Sina mengine tisa."

"Hapana, tisini hatuwezi. Tuko wawili tu hapa."

Kiongozi wa bendi alinigeukia kama mtu anayezama. Nikachukua tarumbeta, nikaweka kiganja kwenye ua na kupuliza upande wa pili. Upepo ulikuwa unatoka kwenye kiungo cha mkunjo wa kwanza, mahali palipoachana kwa unene wa unywele. Nikamwonyesha Mzee kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono. Hakunisogelea.

Basi nikalifanya mwenyewe. Nikapasafisha kwa msasa, nikapaka unga wa kuungia, nikawasha moto na kuushusha ukawa mdogo, maana moto mkubwa ungeachanisha hata vile vilivyoshikana. Nikangoja. Shaba ilibadilika rangi, nikagusisha lehemu, nayo ikayeyuka, ikakimbia yenyewe kuzunguka kiungo chote mpaka ikakutana na mwanzo wake. Nilizima moto. Hapo ndipo niligundua miguu yangu imetulia. Tangu jana mchana haikuwa imetulia hata dakika moja, na sasa ilikuwa imetulia, na yeye hakuwemo chumbani.

Kiongozi wa bendi alipuliza. Mzee aliinuka, akaweka ncha za vidole kwenye ua, akafumba macho.

"Lipeleke harusini," alisema.

Tulipobaki wawili alinigeukia.

"Umekuja kuchukua spana zako." Sauti yake ilikuwa kubwa kama kawaida ya mtu asiyeweza kujisikia mwenyewe.

Niliitikia kwa kichwa.

"Binti yangu hatulii tangu jana. Amefua shuka safi. Amepanga sanduku, amepangua, amepanga. Nikimwuliza ananijibu huku amenipa mgongo, na anajua mimi siwezi kusoma mgongo." Akainama, akatoa chini ya benchi langu lile ua nililolipasua. Akaweka upande mwembamba sikioni mwake, upande mpana akaniletea mimi. "Wewe utaniambia. Sema humu. Na useme lote, sitaki vipande."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja, nywele zake zote nyeupe. Nikaweka mdomo kwenye ua.

"Mzee, nilidanganya," nilisema.

"Sisikii."

Nikapaza sauti. "Nilidanganya. Sikuja hapa kwa ajili ya matarumbeta. Nilikuja kwa ajili ya binti yako."

"Endelea."

"Nampenda. Jana nilikasirika kwa sababu hakuniambia anaondoka. Leo hasira hiyo imeisha. Nataka aende. Ameandika barua miaka mitatu, aende. Na akirudi, kama atanitaka, nataka kumwoa."

Mzee aliondoa ua sikioni, akalifuta kwa kiganja kana kwamba lilikuwa na vumbi.

"Bomba langu uliliunga siku mbili," alisema. "Kazi ya saa moja. Mimi ni kiziwi, Bomba. Hakuna aliyekwambia kuwa ni kipofu pia." Akajikohoza. "Kuhusu kumwoa, muulize mwenyewe, ana mdomo. Mimi nina swali moja. Jumatano asubuhi hayupo. Kiti chake kitupu. Utakuja?"

Ningeweza kumjibu upesi. Nilifikiria kile kiti, nikafikiria ile lehemu ilivyozunguka.

"Nitakuja," nilisema ndani ya ua. "Ila sijui nitakuwaje."

"Nani amekuuliza utakuwaje? Wewe njoo."

Dirisha la uani lilikuwa wazi. Kichwa cha Shangazi kikatokea, kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Kaka, huyu anaposa au anatangaza mnada? Majirani wametoa vichwa nje." Kisha kwangu, "Baba, kuposa kuna utaratibu. Unaleta wazee wako, wanakaa, wanakunywa chai, wanasema kwa adabu. Si kupiga kelele kwenye bati bovu."

"Anasemaje?" Mzee aliniuliza.

"Anasema sina adabu."

"Taabu ipi? Mwambie hakuna taabu."

Shangazi alifumba macho, akashusha pumzi, na kitu kama kicheko kikampita usoni kabla hajakizuia. "Yuko uani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nenda. Mimi sijakubali kitu. Lakini amefua shuka moja mara tatu, itachanika."

Nilimkuta amesimama kwenye kamba ya nguo, shuka mikononi, wala haianiki wala haishushi. Sanduku lilikuwa juu ya kibaraza, limefunguka. Sikujua niweke wapi macho yangu, nikaketi kando ya sanduku, nikatoa koleo mfukoni na kuanza kuitengeneza zipu.

"Nimesikia," alisema.

"Mtaa mzima umesikia."

"Mtaa mzima hauondoki Jumanne." Akaitupa shuka kwenye kamba. "Mimi hukuniuliza. Umemwambia baba."

"Wewe nakuogopa."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Akaketi upande wa pili wa sanduku, akanyanyuka, akaketi tena.

"Ungeniambia nisiende, ningekasirika, ningekwenda, mambo yamekwisha," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Sasa umesema niende, tena mbele ya majirani. Unataka nifanye nini na hilo?"

"Nenda nalo."

"Mwezi mzima sijatulia moyoni, Bomba. Nikiwa ndani nataka mlango. Nikifika mlangoni nataka benchi langu. Nikirudi benchini nakuona umeinama, ulimi umeutoa nje kama mtoto anayeandika, na mkono wako umeshajua, kweli umeshajua, na nafurahi, halafu nakumbuka kwa nini nilitaka ujue. Ni kama kumpenda mtu huku unamfungia mzigo."

Neno lile la kupenda alilisema haraka, katikati ya mengine, kama anayetaka lipite bila kuonekana. Mimi nililiona. Nilikaza jino la zipu lililolegea, nikavuta. Likapita.

"Imekubali," nilisema.

Alinyoosha mkono kuijaribu. Mkono wake ukafika kwenye kishikio, ukapita, ukaja kutua juu ya mkono wangu. Mara nyingi alikuwa ameniwekea mkono wake hivyo, lakini kila mara kulikuwa na nyundo chini yake au tupa. Safari hii hakuwa ananionyesha kitu. Tulikaa hivyo mpaka Shangazi akaangusha sufuria jikoni, kwa makusudi, naamini.

"Usinitake jibu leo," alisema.

"Sijakuomba."

"Nikijibu leo nitajibu kwa hofu. Ama hofu ya kukukosa, ama hofu ya safari. Sijui ni ipi. Zimechanganyika."

"Basi kajue ni ipi."

Jumanne tulimsindikiza kituoni, watatu. Mzee alimshika uso kwa viganja vyote viwili, vidole vyake vikamgusa mashavuni kama vinavyogusa shaba. Shangazi aliongea kwa niaba yetu wote: asile chakula cha njiani, asilale na dirisha wazi, asimwazime mtu kitana. Mwalimu aliitikia kila kitu huku macho yake yakinitafuta juu ya bega la shangazi yake. Alipopanda alikaa dirishani. Basi lilipoanza kusogea sikuweza kumpungia mkono, kwa sababu nilikuwa nimeshika mwavuli wa Shangazi, mkoba wa Shangazi, na baada ya muda nikagundua Shangazi mwenyewe ameniegemea, analia.

"Ni vumbi," aliniambia.

"Ndiyo, Shangazi. Ni kali leo."

Jumatano nilikwenda. Ilikuwa vibaya kama nilivyodhani. Kiti chake kilikuwa kimesukumwa chini ya benchi, vifaa vyake amevipanga kwa urefu, na kila nilipoinua kichwa nilikutana na lile dirisha. Mteja mmoja alikuja akaongea na Mzee, nikawa natafsiri kwa kelele. Nikakata bati jipya. Likaenda upande, nikalitupa, nikakata jingine.

Saa kumi simu yangu ikalia.

"Umefika?" nilisema, ingawa nilijua alifika jana.

"Nimefika. Bomba, huku wana mashine ya kila kitu. Nimepewa vali tatu nizifungue na kuzifunga. Nimekaa saa nne nzima sijanyanyuka. Saa nne." Alikuwa ananong'ona, nyuma yake kulikuwa na mlio wa chuma. "Baba yupo?"

"Yupo."

"Mwambie nimefika salama."

Nikamgeukia Mzee, nikamwambia kwa sauti yangu yote. Akaitikia.

"Mwambie nakula."

Nikamwambia. Akaitikia tena.

Kisha nikamsikia Mwalimu akivuta pumzi, akisogea mahali penye kelele ndogo.

"Hili ni lako," alisema. "Zile hofu mbili. Ile ya safari iliishia njiani, tulipobadilisha dereva. Nilishtukia tu haipo. Ile nyingine nimefika nayo, nimelala nayo, nimeamka nayo." Akasita. "Likizo yangu ni mwezi wa saba. Waambie wazee wako waje kwetu. Na mama yako aje na subira, Shangazi ataongea mpaka jioni."

Nilikuwa natazama kile kiti chake chini ya benchi.

"Bomba? Upo?"

"Nipo."

"Basi nimesema. Narudi kazini, wananiita."

Simu ikakatika. Nilibaki nimesimama, simu mkono huu, mkasi wa bati mkono ule.

"Anasemaje?" Mzee aliuliza.

Nilifungua mdomo nimwambie, kwa sauti kubwa, kama nilivyomwambia yale mengine. Halikutoka hata neno. Mzee alinitazama kuanzia kidevuni mpaka machoni, polepole, bila haraka yoyote. Kisha akachukua tupa yake, akainamia kazi.

"Basi," alisema. "Nimesikia."